Wikio

Alikuja Amu kupima nyufa za ngome yetu,
Voitekhi, fundi wa magofu kutoka Ucheki,
na timazi, na kamba, na shati lililoliwa na chumvi,
na picha ya mnara wa kwao, ameikunja mara nne
kama barua ya posa.

Tulikaa kwenye jukwaa la boriti, miguu ikining'inia.
"Tazama," akasema. "Mlango uko wapi?"
Nikautafuta chini, nikautafuta ubavuni.
Kumbe uko juu,
kimo cha watu watano waliopandana mabegani.
Ngazi ilikuwa ya mbao; siku ya vita huvutwa ndani,
aliye nje abaki na mawe yake na matusi yake.

Ukuta wa itale. Ng'ombe angelala ndani ya unene wake.
Jiwe lile hukubali patasi kwa kununa.
Letu hutolewa baharini lingali laini,
likionja jua ndipo linapokaza moyo.

Penye chokaa tulicheka.
Kwao husimuliwa kwamba mfalme aliagiza mayai
yachanganywe na chokaa, kuta zishikane.
Kijiji kimoja, kwa kuogopa yasivunjike njiani,
kikayachemsha kwanza.
Nilicheka hadi mwiko ukaniponyoka,
punda wa Lali Famau akaruka upande.

Akauliza vyumba vyetu mbona vyembamba.
Mkoko ndio uliotupimia, nikamwambia:
ulipoishia mti ndipo ulipoishia ukumbi.
Akaliandika hilo, akalipigia mstari.
Wao walikunja mawe yakawa matao, ubavu kwa ubavu,
ukiinua macho ni kama umemezwa pamoja na Nabii Yunusi.

Kisha akaweka ukucha kwenye pembe ya picha:
mshale mdogo uliovunjika.
"Huyu ni mwashi. Kila jiwe alilochonga alilitia alama
apate kulipwa kwa hesabu."
Jina la bwana wa ngome limo vitabuni.
La huyu limepotea. Mshale upo.

Na nani aliibomoa?
Si mizinga, akasema. Majirani,
vita vilipokwisha, jiwe moja moja,
kwa zizi, kwa jiko, kwa kizingiti cha binti anayeolewa.

Jioni tukapita Mkomani.
Akasimama kichochoroni, shingo nyuma.
"Na daraja hili? Huvutwa?"
Wikio, nikasema. Halivutwi.
Limetoka nyumba hii likaingia ile
juu ya vichwa vya wapitao,
mama avuke na chungu cha moto
bila buibui, bila kuomba njia kwa mtu.
Ninyi mliinua mlango ili useme hapana.
Sisi tuliinua daraja ili

Sikumaliza.
Yeye ni mtu wa nyufa, alikwisha kuona:
mwisho wa wikio, mkono wa kulia,
chokaa ya rangi nyingine.

Mirathi, Voitekhi.
Mama na mdogo wake, Mwanamkuu,
na minazi kumi na mmoja ya Matondoni.
Baba akanipa mwiko. Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Mawe ishirini na matatu. Nayajua,
ndiyo kazi yangu ya kwanza
na hadi leo sijajenga ukuta ulionyooka vile.
La mwisho nililikwaruza kwa msumari
upande usioonekana: mistari miwili inayokutana.
Sikulipwa.

Mama amekwenda. Minazi imekwisha, wadudu.
Voitekhi naye amerudi kwenye baridi yake,
ameniachia timazi.

Usiku huu nimepanda na patasi.
Nimegonga jiwe la kwanza, si kwa nguvu,
kama mtu anayejaribu kama embe limeiva.
Ng'ambo ya ukuta, kikohozi.
Halafu sauti, imechakaa, lakini ni ile ile
iliyokuwa ikinifukuza kwenye sinia la kaimati:

"Nani hoyo?"

Mwashi, mama mdogo.
Nimekuja kudai ujira wangu.