Namba ya Kuthibitisha

Vyuo viwili vimenitaka siku moja,
mimi Kalunde binti Mihambo wa Isevya,
ambaye hadi juzi niliitwa kutumwa chumvi tu.

Ujumbe ukasema: chagua kimoja,
andika namba yake ya tarakimu sita,
mwisho Ijumaa, saa sita usiku.

Cha kwanza kiko Dar. Jina lake ukilitaja
watu hukaa sawa kwenye viti.
Mwalimu Lugembe alilitaja paredi,
akalirudia, kama mtu anayelamba kijiko cha asali
na bado hajaamini.
Cha pili kiko hapahapa, ng'ambo ya reli,
ukuta wa njano uliobanduka,
maktaba yenye feni moja.
Ukikitaja, watu huuliza, "Kipi hicho?"
Ukiwaelekeza, husema, "Aa, pale."

Aa, pale.

Nikafungua daftari la kemia, kurasa za nyuma.
Ada. Hosteli. Chakula, mara siku mia mbili na arobaini.
Nauli ya treni, kwenda,
na kurudi tukipata msiba.
Bodi ya mikopo imetoa asilimia arobaini;
ile sitini iliyobaki nikaiandika kwa penseli
ili ifutike.
Haikufutika. Ilichafua tu.
Mama ana madebe manne ya asali, na nyuki hawakopeshi.
Baba analinda ghala la tumbaku kwa mshahara
unaofika nyumbani umechoka kuliko yeye.

Baba hakusema hatuwezi.
Angesema, ningelia, yakaisha.
Alisema, "Utakwenda,"
akatoka kuazima futi kamba.

Jumatano nikamkuta anapima kitanda chao:
mninga, miguu ya kuchonga,
kazi ya babu kwa msumeno wa mkono,
kitanda nilichozaliwa juu yake mvua ikinyesha
na mkunga bado yuko njiani kutoka Kiloleni.
"Napima tu," alisema.
Mtu hapimi tu.

Usiku wa Alhamisi niliamka kunywa maji.
Mlango wao ulikuwa wazi kidogo.
Kitanda kimetandikwa vizuri, hakina mtu.
Chini, juu ya mkeka, wamelala wawili,
Mama kajikunja upande wa ukuta,
Baba mkono wake ameufanya mto.
Walikuwa wanafanya mazoezi.

Sikuwaamsha.
Nikakaa jikoni kwenye kigoda,
simu ina chaji asilimia tisa,
nikaandika tarakimu sita za Aa-pale,
mojamoja, kama anayehesabu hela za watu.
Imepokelewa. Hongera.

Asubuhi niliwaambia nimefuata kozi.
Baba akasema kozi ni nzuri.
Hakuuliza kozi gani.
Mama akaniangalia mpaka chai ikapoa,
kisha akanimegea tobolwa kubwa kuliko la mdogo wangu.
Shangazi Nyanzala alicheka kwa pua:
"Daraja la kwanza zima,
la kuvuka reli kwa miguu!"

Sitadanganya kwamba haliumi.
Treni ya Dar ikipiga honi
mimi hunyamaza katikati ya sentensi.
Mhadhiri wa anatomia anajua kazi yake, ila anakohoa,
na mifupa ya kufundishia haitoshi:
tunapokezana fupa la paja
kama ndugu wenye jozi moja ya viatu.
Barua ya Dar sijaichana. Imo daftarini,
ukurasa mmoja na ile sitini ya penseli.
Siku nyingine naisoma. Siku nyingine naisoma mara mbili.

Usiku huu nakariri mifupa ya bega sebuleni.
Ng'ambo ya pazia Baba anageuka upande,
na kitanda kinalia
nyaa,
kimezeeka, kinataka msumari.
Jumamosi sina kipindi.
Nitaupigilia.