Kuhesabu Barabara

Ngamiani barabara zetu hazina majina ya watu,
zina namba tu, kama fulana za wachezaji.
Zamani Mhina alitoka ya ishirini hadi ya tano
juu ya baiskeli, gunia la nazi nyuma, mluzi mdomoni.

Mwaka ule mchele ulipopanda bei
alianza kushuka ya kumi na nne.
"Mnyororo umelegea," akaniambia.
Nikaugusa: umekaza kama kamba ya kitanda.
Mwaka uliofuata akashukia ya kumi na saba,
akainama, viganja magotini,
kama mtu aliyeangusha shilingi
na hataki watu wamsaidie kuitafuta.

Mengine niliyaona, nikayapa majina ya uongo.
Kikohozi kizito, kilichotangulia adhana,
nikakiita sigara.
Kifua kilichotuna kama pipa,
na chini yake mkanda ukiomba tundu jipya,
nikauita uzee.
Filimbi ya usiku, nyembamba,
kama mlango wa kabati unaojifungua wenyewe,
nikaiita baridi ya Juni.
Na ile midomo aliyoikunja kutoa pumzi, polepole,
kama anapoza chai ya mtu mwingine,
hiyo sikuipa jina. Niligeukia ukutani.

Makohozi yalipimwa mara mbili: si kifua kikuu.
Bi Mwanakombo wa jirani akaleta asali na tangawizi,
akasema ni pumu iliyochelewa njiani.
Jamani, pumu huja na kuondoka kama mgeni.
Hii imehamia, imeweka na jiko lake.

Kilima cha Bombo tulikipanda kwa bajaji.
Daktari, binti mdogo mwenye lafudhi ya Lushoto,
akampa mrija: "Vuta mpaka ndani. Sasa toa, toa, toa, usibakize."
Mhina akatoa. Mashine ikachora mstari
ulioporomoka katikati ya safari.
Nikasema, kwa haraka ya mke anayeshitaki:
"Ni sigara zake, daktari. Na vumbi la mkonge,
miaka kumi na tisa chumba cha brashi."
Akaandika. Kisha akaniangalia mimi,
si usoni; mabegani, yanavyopanda na kushuka.
"Na wewe, mama, umepumzika mara ngapi
kutoka pale getini?"

Mimi?
Mimi sijavuta hata moja.
Mimi nakaanga mihogo na kachori, basi.
Miaka thelathini na moja, makumbi ya nazi,
kibanda cha mabati, dirisha moja,
na hilo nililiziba mvua isinizimie moto.
"Basi," akarudia, akibadilisha kidomo cha mrija.

Nilipuliza kama nipulizavyo kuni mbichi.
Mstari wangu ukaanguka kabla ya wake.

Tumerudi na dawa za kuvuta, kila mtu na yake,
na neno moja: hauponi, ila husikia ukikemewa mapema.
Sigara za Mhina zilibaki nne;
mbili kazivunja mbele yangu, mbili sijui.
Mimi nimebandua bati la upande wa barabarani.
Moshi unatoka kwa aibu, kama mpangaji aliyefukuzwa.

Jana tulikwenda sokoni kwa miguu,
yeye akiikokota baiskeli.
Ya kumi na nane tukasimama.
Hakuna aliyetaja mnyororo.
Ya kumi na sita, tena. Nilihesabu zake,
naye, kumbe, akihesabu zangu,
na tulipofika ya kumi na mbili akasema:
"Mwambie na Mwanakombo aende.
Nilimsikia juzi, akifua."