Omu Mia Moja

Saa mbili usiku Pasua inawasha kila ilichonacho:
pasi, runinga, jiko la koili la Bi Manka.
Waya wetu umetoka nguzo ya tatu, mwembamba, mkongwe,
unatugawia makombo.

Kwenye kona ya chumba cha mama kuna friji bovu
lililosahau baridi.
Ndani yake koili, feni ya kompyuta,
mayai mia mbili na arobaini.
Siku ya ishirini. Hakuna kufungua mlango,
hata kwa kuchungulia.

Jumamosi palikuwa na kikao cha LUKU.
"Yuniti zinaliwa na friji la Mama Elinami,"
alisema Temba wa chumba cha nne, mikono mgongoni,
bila kulitaja birika lake.

Mama hakubisha. Alileta mita ya marehemu baba,
ile ya kiwanda cha magunia, iliyofungwa plasta,
akaniambia: andika wewe, macho yangu yamechoka.
Nikaandika kwenye mfuko wa pumba.

Volti, mia mbili thelathini.
Mkondo, ampia mbili nukta tatu.
Gawanya, akasema, volti kwa mkondo.
Mia. Omu mia moja, bila senti.
"Huo ndio ukaidi wa koili. Umeme haupiti hapo bure,
unaacha joto, kama ushuru wa sokoni."
Sasa zidisha volti kwa mkondo:
wati mia tano ishirini na tisa.

Temba akaleta birika lake mwenyewe, anacheka.
Ampia nane na nusu.
Karibu wati elfu mbili!
Kicheko kilitangulia kurudi chumba cha nne.

Nilidhani tumeshinda.
Lakini mama alikuwa bado anaandika,
safari hii kwa mkono wake.
"Birika ni nusu saa kwa siku. Yuniti moja.
Koili yangu, ukijumlisha kuwaka na kuzima, saa nane.
Yuniti nne na ushee."
Akafungua fundo la kanga, akahesabu noti
mbele ya watu wote, pole pole,
kama anayewafundisha kuhesabu.

Na sasa usiku, Julai, upepo unashuka kutoka Kibo
na kuingia hadi kwenye soksi.
Mita inasoma mia moja themanini na nne.
Omu ni zile zile mia; ukaidi hauna msimu.
Mkondo umeshuka, moja nukta nane nne.
Nazidisha. Nazidisha tena, siamini:
wati mia tatu thelathini na tisa.
Volti imepoteza fungu moja kati ya matano,
joto limepoteza zaidi ya theluthi.
Ni mtoto wa wazazi wawili waliofilisika,
amerithi umaskini wa kuumeni na wa kukeni.

Mama analivika friji koti la baba,
kisha blanketi, kisha kitenge cha harusi.
Anakaa chini, mgongo kwenye mlango wake.

Saa nne kasoro, ukutani, "tak":
swichi ya Temba. Sijui kazima nini.
Mia moja tisini na tisa, inasema mita.
Mia mbili na tatu.

Mama ananyoosha kidole: nyamaza.
Ndani ya koti la baba kitu kinagonga,
kidogo, kinaacha, kinagonga tena.
Nimeshika kalamu.
Sijui niandike namba gani.