Gari Lililokula Chumvi

Kwetu Colchani, mtu akisema gari limekula chumvi nyingi
halisifii umri.
Tunainama kutazama chumvi imebakiza nini.

Mwezi wa Juni, saa kumi na mbili asubuhi,
maji ya ndoo yameganda na kata ndani yake.
Shangazi Hilaria anaingiza misuko yake miwili ndani ya sweta,
anapandisha sketi, anazifunga kwa kamba ya manyoya ya lama,
ndipo anafungua boneti.
Feni, anasema, haichagui nywele.

Rejeta anaishika asubuhi tu, ikiwa baridi.
Huku juu milimani maji huchemka upesi,
hayaivishi hata viazi,
lakini kuunguza yanaunguza vilevile:
muulize Don Rufo kwa nini hunyoa shavu moja.

Jana gari lilirudi na watalii wanne
na nusu ya jangwa jeupe tumboni.
Chumvi imeshika springi, imeshika breki,
imejipaka kwenye chesisi kama chokaa ya fundi asiyelipwa.
Nilitumwa kuosha. Niliosha panapoonekana.
Shangazi alipitisha kidole pasipoonekana,
akaniletea puani. Kilikuwa cheupe.
Hakusema kitu.
Nikachemsha maji mengine.

Kisha kazi yangu: kabari mbele ya tairi, kabari nyuma,
handibreki, gia.
Nati nikazilegeza gari likiwa bado limekanyaga chini,
nikaweka jeki, nikapiga mpini, tairi likaning'inia.
Nikagonga ardhi kwa kisigino: ngumu, inalia kama sufuria.
"Stendi ziko nyuma ya mtungi wa gesi," alisema bila kugeuka.
"Na ubao wa jeki."
Ubao wa nini, nikajiuliza, juu ya ardhi kama hii?
Na stendi zile mbili ni nzito, na mimi nina miaka kumi na sita.

Yeye akapita na birika lake,
akalilaza kwa mguu tairi nililolitoa,
akalisukumia chini ya chesisi kama mtu anayefagia,
akaenda zake kunywa chai.

Nilisugua breki mpaka jua likafika uani.
Saa nne nikalala chali, nikaingia na pampu ya grisi.
Chuchu ya kwanza ikala. Ya pili ikala.
Ya tatu ilikuwa imeziba kwa chumvi,
nikatoka kutafuta waya.

Sikusikia kishindo. Nilisikia pumzi,
kama ya mnyama anayekaa kitako.
Ardhi ya alfajiri ilikuwa barafu tu yenye sura ya ardhi;
jua lilikuwa limeirudishia utope wake,
na jeki imelala ubavu, mguu wake mmoja umezama.
Gari limekaa juu ya tairi.
Nilipima nafasi iliyobaki pale kilipokuwa kifua changu:
shibiri moja na vidole viwili.
Sitii chumvi. Kwetu hakuna haja.

Shangazi alitoka na kikombe.
Akatazama jeki, akatazama waya mkononi mwangu,
akamwaga chai iliyobaki, akaenda mwenyewe kuleta ubao.
Ubao, jeki juu yake. Stendi mbili, kila moja na kibao chake.
Tairi likaachwa pale pale.
Kisha akaweka viganja kwenye bodi
akalitikisa gari kama anayemwamsha mlevi mlangoni.
Halikuamka.
"Sasa ingia."

Sikutaka. Niliingia.
Nikaizibua chuchu ya tatu, nikapampu,
grisi ya zamani ikatoka ya kijivu, yenye chembe,
nikapampu, nikapampu, mpaka ikaja nyekundu, safi;
na kule nje, usawa wa macho yangu,
viatu vyake viwili vya mpira
havikusogea hata kidogo
mpaka nilipomaliza.