Dada Zuhura Anaandika

Simu ya kwanza baba yake aliizika kwenye debe la mahindi,
akaweka jiwe juu, kama mtu anayezuia panya.
Siku ya tatu nikamkuta Aikande uani kwa jirani
anakichekea kioo cha mwenzake,
sketi ya shule ameikunja mara mbili kiunoni,
nembo iko wazi mbele ya watu elfu nne
ambao hakuna hata mmoja ninayemjua kwao.

Aminieli akasema, tuivunje.
Nikasema, utavunja ngapi?
Pasua nzima ina simu nyingi kuliko vyoo.

Basi nikafanya langu. Sikumwambia mtu.
Mchana, pale Memorial, cherehani ikiwa haina kazi,
nikamwomba kijana wa vocha anifungulie ukurasa.
Jina? Nikasema Zuhura.
Umri? Nikapunguza miaka ishirini na miwili,
ikatoka bila maumivu, kama jino la utoto.
Picha nikaweka ua la mgomba,
lile la zambarau, linaloinama
kama mtu anayesikiliza.

Usiku wa tatu akanijibu.
Mwanangu! Ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma,
nasikia kitanda chake kikilia akigeuka,
na maneno yake yanazunguka kwanza huko angani, sijui nchi gani,
ndipo yanifikie jikoni.

Akaniambia mambo.
Kwamba hesabu inamtia homa.
Kwamba wanamcheka meno,
haya ya kahawia aliyopewa na visima vya Maji ya Chai
tulikoishi akiwa mdogo,
na kwamba ndani ya simu kuna kitu
ukikigusa, meno yanakuwa meupe kama ya watu.
Kwamba yuko kaka mmoja wa Njiro, ana kamera,
amemwambia tabasamu lake lina pesa,
aje Jumamosi, aje peke yake, nauli atatumiwa.
"Mama hawezi kuelewa," akaandika.
"Mama yangu ni wa kushona tu."

Nikakaa na neno hilo
kama pini katikati ya midomo:
humezi, husemi.

Na mimi nilikuwa nani?
Mgeni mwenye picha ya ua, aliyedanganya umri,
anayemwambia binti wa watu, niambie tu,
sitamwambia mtu.
Yule wa Njiro naye bila shaka alianza hivyo.

Ijumaa. Baridi ya Julai imekaa kizingitini.
Aminieli yuko zamu ya usiku.
Kwenye kiti cha sebuleni, begi dogo limeshafungwa zipu.
Bando limebaki la kupumulia.

Dada Zuhura anaandika.
Dada Zuhura anafuta.
Dada Zuhura anaandika:

*Aikande, ni mimi. Niko jikoni.
Nilikudanganya, ukikasirika una haki.
Yale maji nilikunywesha mimi, kwa kikombe cha bati, sikujua.
Kesho huendi Njiro. Hilo halina mjadala.
Mengine yote yana mjadala.
Kiburu bado kina moto.*

Alama mbili zikageuka bluu.

Upande wa pili kitanda hakikulia.
Mbwa wa jirani akabweka mara moja, akachoka.
Nilifikiria dirisha lake, nondo zake, ile moja iliyolegea
ambayo kila mwezi tunasema tutaichomelea.

Kisha komeo.
Kisha nyayo, bila ndala, kwenye saruji.
Akasimama mlangoni, simu ameikumbatia, kioo kifuani,
macho mekundu, kiganja mdomoni
kama afanyavyo tangu darasa la nne.
"Ulisema una miaka ishirini na moja,"
akasema kupitia vidole.

Sikucheka. Nilitaka.
Nikamsogezea kigoda, nikampakulia,
nikasubiri kile kiganja
kipate kazi nyingine.