Kisigino cha Kushoto

Mimi simjui kwa vitabu, namjua kwa soli.
Cha kushoto huliwa kwanza, upande wa nje,
kama cha mtu anayekwenda akisikiliza nyuma.
Nuala Heffernan, jina refu kuliko kibanda changu.
Ndia Kuu nzima humwita Bi Nuwa,
na watoto wa Kibokoni: Mzungu Asofika.

Alikuja kwa miezi mitatu, amalize riwaya.
Huu mwaka wa saba.
Riwaya iliisha, ikaanza nyingine.

Hutoka adhana ya alfajiri ikimalizika,
kabla Mama Rukia hajatumbukiza hamri ya kwanza mafutani.
Siku moja nikamuuliza, misumari mdomoni:
Bi Nuwa, unakimbia nini, nawe hufukuzwi?
Akasema huondoka na sentensi moja tu.
Huitoa Ngomeni ikiwa nene, imevaa joho na kilemba;
ikifika Kizingo imeshatupa maneno matatu,
Likoni inahema,
Shimanzi, katika vumbi la malori, imebaki mifupa.
Nyingine hufia Makupa.
Huziacha papo hapo, hazikalii matanga.

Nikamtolea ya wahenga:
mbio za sakafuni, bibi, huishia ukingoni.
Akanyamaza. Akaomba kalamu,
akaiandika kiganjani kwa herufi kubwa kama za mtoto.
Kesho yake huyo, jasho linamchuruzika kibandani mwangu:
"Fundi, na anayefika ukingoni akageuka?
Mstari ndivyo unavyokwenda.
Unafika pambizo, unarudi, unaanza chini yake."
Akachora kwa kidole juu ya ngozi niliyokuwa nikikata,
kwenda, kurudi, kwenda, kurudi.
Ngozi ikaharibika kwa jasho lake.
Nikamtoza.

Lakini tangu siku hiyo kisiwa hiki cha Mvita,
nilichokizunguka tangu utotoni bila kukiona,
kimekuwa karatasi. Nikifika majini nageuka
nikijihisi kama neno.

Mwaka jana, wakati wa masika, simu ikamletea msiba wa mamake,
huko kwao Belmalet, ambako anasema
mvua hunyesha hata jua likiwa limewaka.
Nauli haikupatikana, na maiti haingoji.
Basi alikwenda Mazeras.
Kwa miguu. Akarudi.
Magharibi imeingia, akavua kiatu mbele yangu,
ukucha umebaki ndani ya soksi.
"Bandika," alisema, basi.
Sikujua ananionyesha kiatu au nini.
Nikakibandika kiatu.

Watu husema mwandishi ni mtu wa kukaa.
Mimi niliyemwona mmoja kwa karibu nasema
ni mtu mwenye magoti mabovu.

Kitabu chake alinipa. Nimekiweka rafuni
kati ya visigino vya mpira na mkebe wa gundi.
Kizungu chake kinanishinda,
ila binti yangu Mwanakombo anacho kila jioni.
Juzi akaja mbio, kidole kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili:
"Baba, kuna fundi viatu humu. Ana vidole tisa."

Nikatazama mikono yangu.
Tisa.

Kamtia kijiji cha mvua, huyo fundi,
kamvika koti la sufu, kampa mbwa,
kampa mke asiyejua kunyamaza (hapo hakukosea),
lakini misumari kaiacha mdomoni.
Nilikasirika hadi adhuhuri.
Baada ya sala nikamwambia Mwanakombo asome tena,
polepole, na pale pa koti asiparuke.

Leo Ijumaa. Jozi yake ya pili iko tayari,
imekaa kizingitini midomo wazi.
Namsikia kabla sijamwona, kwenye kona ya Mandhry,
pa, paa, pa, paa,
wa kushoto mzito kuliko wa kulia.
Namdai mia mbili na hamsini.
Na lile koti, nitamuuliza,
lilikuwa na mifuko mingapi?