Mgeni Asiyejua

Kompyuta ya mezani, ubavuni bado ina kibandiko:
MALI YA BENKI, 0417. Sijakibandua.
Niliinunua Kampala, mkono wa pili,
nikaipakata hadi Bombo kama mtoto mwenye homa.
Kumbukumbu yake gigabaiti nane.
Hapo ndipo penye hesabu.

Mwenyeji ni Linux: hali sana, haringi.
Lakini chama cha akiba cha wenye maduka ya kambini
daftari lao limo katika programu ya zamani
isiyokubali kukanyaga ila sakafu ya Windows.
Basi nimemkaribisha Windows ndani ya Linux,
nyumba ndani ya nyumba, dirisha ndani ya dirisha,
nne zako, nne zangu.
Feni ikaanza kukoroma.

Nyanya Bakita, tabaga mapajani, sindano mdomoni:
"Mbona inahema?"
Ina mgeni, nyanya.
"Umempa kitanda?"
Nimempa nusu ya kichwa.
"Nusu ni nyingi. Mgeni siku mbili."
Huyu jembe nimempa siku ya kwanza.

Linaloniweka macho ni hili:
mgeni hajui kuwa ni mgeni.
Diski anayojigamba nayo ni faili langu moja,
naweza kulifuta kabla chai haijapoa.
Saa anayoisoma nimemtajia mimi.
Naye anafunga milango kwa nywila,
anapanga vyombo vyake,
anaogopa wezi
kama aliyezaliwa humo.

Baba, Sajini Farajala, kazaliwa humu Bombo.
Baba yake pia. Babu yake kalala nyuma ya msikiti.
Karani wa pasipoti akamtazama juu chini:
"Ninyi hasa, wa wapi?"
Akaandika Faragala.
Herufi moja. Miezi mitano ya nenda-rudi.

Na hitilafu yangu ya leo ni ya ukoo huo huo:
kwa mgeni, Malipo na malipo ni kitu kimoja,
huyapokea yote mawili, hana neno.
Mwenyeji akikuta M kubwa pasipo zoea lake
hakujui,
hata mkiwa mmekaa jirani miaka mia.

Saa tatu na dakika arobaini usiku, giza.
Betri ya akiba ikapiga mayowe: dakika sita tu.
Nikamgandisha mgeni alivyo,
neno nusu, kishale kikipepesa.

Alfajiri, baada ya adhana, umeme ukarudi.
Nikamwamsha.
Kwake bado ni saa tatu na dakika arobaini.
Akalimalizia neno pale pale alipoliacha,
wala hakuuliza alikuwa wapi.

Nikanyosha mkono nimsahihishie saa,
nikausimamisha.
Kidogo tu, akae hivyo.

Kutoka jikoni, sauti ya Bakita:
"Hajaondoka tu, huyo?"